Pisti ikianza kufanya mambo yake: tafuta chanzo mbele ya kufuta

Leo siandiki juu ya mihogo wala juu ya mbolea. Wengi wenu munajua kama nilisoma agronomia, lakini jioni na wikendi niko mu chumba kidogo nyuma ya nyumba ya wazazi, hapa Bukavu, nachanganya sauti za kwaya, biti za vijana na matangazo ya redio kwa ajili ya walimaji. Kazi hiyo njo inalipa intaneti yangu, na miezi fulani inalipa zaidi kuliko lisansi. Kila wiki kuna mutu wa promosio moja ao ingine ananiandikia: "Yaya, pisti yangu imeharibika." Naona ni vizuri nijibu mara moja kwa wote.

Pisti, kwa wenye hawajawahi kufungua programu ya muziki, ni ule mustari wa kulala kwenye ekrani ambao tunaweka juu yake sauti moja: mustari wa gita, mustari wa bes, mustari wa soprano. FL Studio, Cubase, Reaper, Ableton Live, zote ziko na mistari hiyo. Na zote zinafanyaka mambo ya kushangaza. Sauti inapotea bila kuguswa. Ingine inapanda juu kama ya mtoto. Kishikio cha volimi kinarudi chenyewe fasi kilikuwa. Gita inachelewa nyuma ya ngoma. Hapo njo batu banaanza: ni virusi, ni mashini ya Kichina, ni bulozi. Na dawa ni ileile kila mara: futa yote, fomata mashini, tuimbe upya.

Hiyo dawa mimi naikataa kabisa. Pisti haiharibiki kama gurudumu la pikipiki. Iko inatii amri ambayo mutu aliweka, wakati fulani, fasi fulani kwenye njia ya sauti. Amri ile unaweza kuitafuta na kuiona kwa macho. Lakini sauti ya mutu ukiifuta, hakuna programu itakurudishia.

Basi tuanze kwa njia. Sauti haitoki mu pisti moja kwa moja mpaka mu sikio. Kwanza kuna faili ya WAV iliyo mu disiki, ao kuna chombo cha programu, kama piano, kinachopigwa na noti. Halafu kuna klipu, kile kipande unachoona juu ya mustari, ambacho ni picha tu ya faili ile. Kisha pisti yenyewe, kisha efekti ulizoweka, kisha mikseri, pengine kikundi fasi sauti nyingi zinakutana, kisha masta, kisha karte ya sauti, na mwisho kaski ao bafle. Ni kama mufereji wa kunyweshea bustani. Kama kitalu cha mwisho ni kikavu, haubomoi mufereji wote. Unatembea kando yake mpaka fasi maji yanaishia.

Wenye banatumia FL Studio, na hapa kwetu ndio wengi, basikilize vizuri hapa, ju nusu ya maswali ninayopata inatoka fasi hii. Mu Cubase, mu Reaper, mustari unaouona na kituo chake cha mikseri ni kitu kimoja: ukiweka mwangwi kwenye mustari wa soprano, ni soprano tu inapata mwangwi. FL Studio haikujengwa hivyo. Mustari wa juu, ule wa kupanga wimbo, ni kama meza tu. Unaweza kuweka juu yake klipu yoyote, hata ukiandika "Soprano" pembeni na kuweka ngoma. Njia ya kweli iko kwenye kanamba kadogo kando ya kila chombo ao kila sauti, kanakosema inaenda kwenye kituo gani cha mikseri. Kama haukuandika namba yoyote, sauti inaenda moja kwa moja kwa masta. Kama sauti mbili ziko na namba moja, kila efekti unayoweka kwa moja inaingia kwa ingine.

Kwa hiyo mutu akiniambia "nimeweka mwangwi kwa sauti, sasa ngoma nayo inalia kama iko mu kanisa kubwa", sihitaji hata kuona mashini yake. Aangalie namba. Na akiniambia "nimeziba mustari wa saba lakini gita bado inasikika", jibu ni ndugu yake na lile: klipu ya gita iko pia kwenye mustari mwingine chini kabisa, fasi hajashuka kuangalia. Matoleo mapya ya FL yako na namna ya kufunga mustari na kituo cha mikseri pamoja, lakini lazima uiombe mwenyewe.

Sasa namna ya kutembea kando ya mufereji. Ukipiga wimbo, kila kituo cha mikseri kinaonyesha mwanga unaopanda na kushuka na sauti. Mwanga ule ni shahidi mzuri kuliko masikio, ju masikio yanachoka na yanasikia yale yanayotaka kusikia. Kama mwanga wa pisti haupandi hata kidogo, shida iko nyuma yake: klipu imezibwa, faili haipo, chombo hakipati noti. Kama mwanga wa pisti unapanda lakini wa masta haupandi, shida iko katikati, yaani mutu amekata njia ao ameielekeza kwenye kikundi kilichozibwa. Kama wa masta unapanda na wewe hausikii kitu, acha proje kabisa. Programu inatoa sauti fasi ingine, pengine kwa bafle ndogo za mashini wakati wewe umevaa kaski ya karte ya sauti. Kwa dakika moja umeshajua upande gani wa kutafuta, na haujagusa kitu.

Kama shida iko mu efekti, na mutu ameweka nyingi (kuna vijana wanaweka efekti kumi na sita juu ya sauti moja, sijui wanatafuta nini), usizime moja moja. Zima nane za kwanza kwa pamoja. Shida ikiisha, iko mu hizo nane. Ikibaki, iko mu nane zingine. Gawanya tena kwa nne, halafu mbili, halafu moja. Mara nne tu, na umepata kati ya kumi na sita.

Kitu kingine nilikichukua kutoka kwa fakulte na sitakiacha: unabadilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, halafu unasikiliza. Mu majaribio ya shamba, ukibadilisha mbegu, mbolea na siku ya kupanda mu kitalu kimoja, mavuno yakipanda hautajua sababu. Batu wanafanya vilevile na muziki. Wanageuza tempo, wanazima efekti mbili, wanabadilisha karte ya sauti, shida inaisha, wanafurahi. Wiki ijayo inarudi na hawajui walifanya nini.

Niwape mufano mumoja wenye ulinigusa. Kwaya moja ya upande wa Walungu iliniletea proje iliyoanzishwa kwa studio ingine. Nyimbo sita, batu ishirini na wawili, usafiri wa kushuka mjini walikuwa wamechanga wenyewe. Mu wimbo wa tatu, sauti ya papa mumoja muzee mwenye alikuwa anaongoza mistari ilikuwa inapotea. Ukiiweka solo, iko safi. Wimbo wote ukipiga, inabaki nyembamba kama redio yenye betri zinaisha, na kwa telefone haisikiki kabisa. Walikuwa wameshaambiwa fasi ile ingine kwamba faili zimeharibika, wafute, warudi kuimba. Shida ni kwamba papa yule alikuwa ameshazikwa, mwezi mumoja mbele. Kiongozi wa kwaya aliniambia kwa sauti ya chini: "Yaya, kama haiwezekani, utuambie tu. Lakini usifute mbele ya mama yake na watoto kusikia mara moja."

Ukisikia neno "solo ni safi, pamoja inapotea", fikiria mara moja polarite. Sauti ni wimbi: linasukuma mbele, linavuta nyuma. Chukua wimbi moja na nakala yake, geuza nakala ili ivute wakati ingine inasukuma, na uzipige pamoja kwa nguvu sawa: moja toa moja, sufuri. Kimya. Kama nakala moja iko na efekti kidogo tofauti, hazifutani zote, kinabaki kile kiunyembamba cha redio. Na kwa kaski unaweza usitambue, kama nakala moja iko kushoto na ingine kulia, ju kila sikio linapata yake. Lakini telefone nyingi zinakusanya kushoto na kulia kwa bafle moja, na hapo njo zinakutana na kuuana.

Mu proje ile, kila mustari wa papa ulikuwa na nakala yake chini, mutu alitaka kunenepesha sauti. Na kwenye kituo cha nakala, kitufe cha kugeuza polarite kilikuwa kimefinywa. Mu Reaper kiko na alama ya sufuri iliyokatwa na mustari. Mu mikseri ya FL ni katufe kadogo ambako mutu anaweza kukafinya bila kujua. Niliweka masta mono, nikasikia sauti inakufa, nikafinya kitufe, papa akarudi. Dakika kama ishirini, na nyingi zilikuwa za kusikiliza. Kiongozi wa kwaya alitoka nje kwanza, halafu akarudi akaomba tuanze tena wimbo toka mwanzo.

Mbele ya kutoa wimbo wowote, usikilize mara moja mu mono. Hiyo ni sekunde tatu. Batu wetu wanasikiliza kwa telefone mu taxi na mu jikoni, hapana kwa kaski ya dola mia mbili.

Tukija kwa shida ya wakati, yaani pisti moja inaachana na zingine, hapa agronomia inanisaidia tena. Jani la mahindi likiwa njano, mwalimu hakuulizaka kwanza "ni dawa gani?" Anauliza njano imeanzia wapi. Ikianza kwa majani ya chini, ya zamani, na kukata katikati ya jani toka ncha, unafikiria azoti, ju mmea unaitoa mu majani ya zamani kulisha mapya. Ikianza kwa majani mapya ya juu, unafikiria chuma ao salfa, ju hizo hazihamihami vizuri. Rangi ni ileile, lakini fasi inaanzia inakuambia jina. Kwa muziki, swali ni hili: kuchelewa kule ni sawa toka mwanzo mpaka mwisho, ao kunaongezeka?

Kama kunaongezeka, mwanzo sawa na mwisho vibaya, ni tempo ao ni idadi ya sampuli. Kijana anachukua biti kwa rafiki, anaambiwa "iko 92", anaandika 92. Kumbe iko 92.5. Nusu ya pigo kwa dakika, nani ataisikia? Lakini hesabu: biti ya dakika nne kwa 92.5 iko na mapigo 370. Mapigo 370 kwa tempo ya 92 yanachukua sekunde 241.3. Mwisho wa wimbo, piano yako uliyopanga kwa mistari ya programu iko nyuma ya biti kwa sekunde moja na zaidi. Yeye analaumu mupiga piano. Dawa ni kuuliza tempo na desimali zake, ao kupima: weka alama ya pigo la kwanza, weka ya pigo la mwisho, hesabu katikati.

Idadi ya sampuli ni ndugu wa karibu, ila yenyewe inagusa na urefu wa noti. Mashini inakata sauti vipande vidogo: 44100 kwa sekunde kama CD, ao 48000 kama video na telefone nyingi. Ukichukua faili ya 44100 na kuipiga kama vile ni 48000, vipande vinapita haraka. Wimbo wa dakika nne unaisha kwa dakika 3 na sekunde 40, na Do inapanda mpaka katikati ya Do diezi na Re. Upande mwingine, faili ya 48000 ikipigwa kama 44100, dakika nne zinakuwa 4 na sekunde 21, na mutu anaongea kama mwenye usingizi. Namba hizo ni za kushika. Kama sauti imepanda na wimbo umefupika kwa kama sehemu ya 8 kwa mia, hauhitaji kutafuta kingine.

Programu nyingi zinabadilisha faili zenyewe wakati inaingia. Cubase inauliza kwanza, na mutu mwenye haraka anajibu hapana bila kusoma. Hilo tunalionaka sana na matangazo ya redio: mulimaji anaongea juu ya ugonjwa wa mihogo kwa telefone, faili ni 48000, proje ya jingo ni 44100, na muzee wa miaka sitini anatoka akiongea polepole kama amelewa. Hiyo haiko jambo la kuchekesha. Akisikia redio, ataona mulimchezea.

Kama kuchelewa ni sawa toka mwanzo mpaka mwisho, haiko tempo. Ni muda mashini inachukua kupokea na kurudisha sauti. Mashini inakusanya sampuli mu kikapu kidogo, bafa, kabla ya kuzifanyia kazi. Bafa ya 512 kwa 44100 ni milisekunde kama 11.6. Bafa ya 2048 ni 46, na hiyo ni upande mumoja tu, kuna kuingia na kutoka. Sauti mu hewa inatembea kama metre 343 kwa sekunde, basi 46 ni sawa na kuimba na mupiga ngoma mwenye amesimama metre 16 mbele yako. Mwimbaji anajisikia mwenyewe kwa kaski akiwa amechelewa, anavuta ili ajikute, na unapata pisti isiyokaa. Yeye anaimba vizuri kabisa.

Wakati wa kurekodi, shusha bafa, na uzime efekti nzito kwa masta, ju kuna zingine zinaangalia mbele kwanza na zinaongeza kuchelewa kwao. Wakati wa kuchanganya, pandisha bafa, ju hapo hakuna mutu anayeimba. Ukishusha sana na mashini ni dhaifu, utasikia kukwaruza kama mafuta moto, panda kidogo. Kwa Windows, tafuta draiva ya ASIO ya karte yako. Ile draiva ya kawaida ya Windows ni ya kusikiliza filamu.

Vishikio vinavyotembea vyenyewe, mimi huwa nacheka. Batu watatu tofauti wameshaniambia kwa siri kwamba studio yao iko na kitu. Ni otomasioni. Siku fulani uligeuza volimi wakati programu iko inarekodi mageuzi, ikayaandika, sasa kila ukipiga inayasoma. Alama yake: ukisimamisha wimbo unaweza kusogeza kishikio, ukipiga kinarudi. Mu FL tafuta klipu ya otomasioni mu mistari ya chini ao mageuzi yaliyofichwa ndani ya patani. Mu Cubase angalia herufi R na W kwenye pisti. Futa mageuzi yale tu, hapana pisti.

Kuna na vidogo vidogo ambavyo vinakula saa nzima. Mu FL, kitufe cha PAT na SONG juu: kikiwa kwa PAT unasikia patani moja tu inazunguka, na mutu anaamini wimbo wake umefutika. Solo iliyosahaulika ndani ya folda iliyofungwa mu Reaper, zingine zote zinakuwa kimya. Sampuli iliyowekwa ijikate yenyewe, kwa hiyo noti ya pili inaua mkia wa ya kwanza. Na FL ya majaribio: inakubali uhifadhi proje lakini haikubali kuifungua tena mpaka ununue. Mutu anahifadhi, umeme unakatika, anarudi, anasema faili imeharibika. Haiko imeharibika, inangoja leseni. Mwenye hana uwezo wa FL, Reaper inakupa siku 60 za kujaribu na leseni yake ya bei ndogo ni dola 60. Kopi za kuiba, mbali na mambo mengine, njo zinafanya proje ifunguke kwa mashini moja na plagini tatu hazipo, na tunaanza tena kutafuta chanzo.

Jambo la mwisho njo la muhimu kuliko yote, ju ni hapa sauti zinakufa kweli. Faili ya proje haiko na sauti ndani yake. Iko na maandishi: nenda mu disiki fulani, folda fulani, chukua WAV fulani, ipige sekunde ya kumi. Mutu akinakili faili ile peke yake kwa flashi halafu akafomata mashini, ameshika menyu, chakula kimetupwa.

Pima uzito. Sauti moja ya mono, biti 24, kwa 44100, inakula kama megabaiti 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni megabaiti 32 kwa kila pisti. Kwaya yenye pisti kumi ni zaidi ya megabaiti 300. Mutu akikuletea proje ya kilobaiti 400 na kusema "kwaya yote iko humu", mwambie kwa upole haiko humu, na umuulize haraka sana mashini ya kwanza iko wapi na kama kuna mutu ameishika. Kama haijafomatwa, zima shauku ya kupanga folda, tafuta faili zote za WAV kwa tarehe ya siku ya kurekodi. Karibu kila mara ziko, mu folda ambayo mutu hakuichagua, kwa FL mara nyingi ile inaitwa Recorded. Toka siku hiyo, hifadhi proje pamoja na faili zake: FL iko na namna ya kufunga yote mu zip, Reaper inauliza wakati wa kuhifadhi kama inakili faili mu folda ya proje, Live na Cubase nazo ziko na amri yao. Na flashi mbili, mu nyumba mbili.

Na kama umefanya yote haya na pisti bado inafanya mambo yake, tengeneza kitalu cha ushahidi, kama kile tunachoacha bila mbolea mu majaribio. Fungua proje mupya, tupu, bila efekti. Ingiza WAV moja ile yenye shida, kopi yake, hapana ile ya kwanza. Ipige. Ikilia vibaya na humo, chanzo ni faili ao ni karte ya sauti, na utajua kwa kuipiga kwa telefone. Ikilia vizuri, faili ni nzima na chanzo kimebaki mu proje ya zamani. Basi hamisha pisti moja, sikiliza, hamisha ingine, sikiliza, mpaka ile ambayo ikiingia shida inaingia nayo. Proje ya zamani usiiguse mpaka kwaya isikie na ikubali.